Marehemu wa Wiki ya Windo

TANGAZO

Ofisi ya Mlezi wa Wanafunzi inapenda kuujulisha umma wa Chuo Kikuu cha Uwanda wa Juu kwamba ni marufuku kwa mshiriki yeyote wa Wiki ya Windo kumuua mwenzake katika foleni ya chakula wakati uji unapogawiwa, kwa kuwa kitendo hicho husababisha uji kumwagika. Mauaji yanaruhusiwa mara tu mlengwa anapokuwa amepokea kikombe chake na kuketi. Washiriki wanaombwa kuzingatia usafi.

Wiki ya Windo ilikuwa imekwisha kusitishwa, lakini tangazo lile liliendelea kung'aa ukutani mwa bwalo kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuliondoa. Tusekile Mwaipaja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa madaraja, alilisoma akiwa katika foleni, akalirudia tena.

"Uji ukimwagika wanaona," alisema.

"Usianze, Tuse," alijibu Nyanjige aliyekuwa nyuma yake, mkono mmoja ukiwa kifuani. Tangu alipougua, hakupenda kusema maneno mengi kwa pumzi moja. "Chukua uji. Nina njaa."

"Jaribu wewe kwanza."

"Nimejaribu jana, nimejaribu juzi. Unadhani leo litanionea huruma?"

"Jaribu tu."

Nyanjige alisogeza uso kwenye dirisha la mgawo. Kioo kilibaki cheusi. Alitabasamu, akakunja uso, akanyoosha shingo kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Kioo hakikubadilika. Kwa dirisha lile, mbele yake palikuwa na hewa.

"Marehemu hawali, jamani!" alipaza sauti mvulana mmoja nyuma. "Wasomewe dua wakalale!"

Foleni ilicheka. Tusekile aligeuka, akamtazama yule mvulana mpaka kicheko kikamfia mdomoni. Kisha akaweka uso wake mahali ulipokuwa uso wa Nyanjige. Taa ya kijani iliwaka papo hapo. "Karibu, Tusekile Mwaipaja. Uji wa ulezi, kikombe kimoja." Walikunywa kikombe hicho wawili, wakipokezana, na Tusekile alijisingizia kwamba ameshiba.

Kitu kilichokataa kumwona Nyanjige kiliitwa Jicho, mfumo wa kompyuta wenye kamera kila kona. Chuo kizima kiliishi ndani yake. Jicho lilimtambua kila mtu kwa uso, kwa mwendo na kwa bangili ya mkononi. Lilifungua milango, liligawa chakula, liliandika mahudhurio, na mtu alipoanguka lilituma machela yenye magurudumu kabla wenzake hawajapiga kelele. Lilikuwa limewahi kumtumia machela mhadhiri aliyeinama kufunga kamba za viatu. Wazazi waliotembelea chuo walionyeshwa tukio hilo kwenye filamu fupi, wakapiga makofi.

Wiki ya Windo, kwa upande wake, ilikuwa na umri mkubwa kuliko Jicho. Kila mwaka, baada ya mitihani ya muhula wa kwanza, wanafunzi waligawiwa bastola za plastiki zilizotoa mwanga, na kila mmoja alipewa jina la mwenzake wa kumwinda. Aliyepigwa mwanga alikuwa marehemu. Marehemu walifufuka wote kwa pamoja siku mshindi alipotangazwa, na sherehe yake ilikuwa ya kishindo. Tatizo, kama lilikuwa tatizo, ni kwamba marehemu hawakuwa na adabu ya wafu: walikuwa wakisimama mlangoni, Jicho likiwafungulia, na kuwashikilia mlango rafiki zao waliokuwa wakikimbizwa. Kamati ya mchezo ililalamika. Chuo, kwa furaha ya kuonyesha jinsi Jicho lilivyo hodari, kikaongeza kitu kilichoitwa pazia. Kuanzia mwaka huo marehemu hakuonekana na Jicho hata kidogo. Haki ikatendeka milangoni. Hakuna aliyeuliza Jicho hufanya kazi gani nyingine zaidi ya kufungua milango.

Nyanjige aliuawa maktabani, kati ya rafu za vitabu vya sheria za ardhi. Muuaji alikuwa Tusekile, rafiki yake wa tangu mwaka wa kwanza, na alimpiga mgongoni huku akicheka. Nyanjige alikufa kwa mbwembwe, akiusia kwamba sabuni yake ya kufulia arithiwe na maskini. Lifti ilikataa kumfungukia, hivyo akapanda ngazi za dharura zilizojaa vumbi la ukarabati. Alikuwa na pumu. Kifua kilimbana kwenye kona ya pili ya ngazi, kipulizio chake cha dawa kikamtoka mkononi, kikabingirika mpaka chini. Juu ya kichwa chake Jicho lilikuwa wazi, bila hitilafu yoyote, likitazama ngazi tupu. Wawindaji waliokuwa wakikimbizana walimruka. Mmoja wao, baadaye akilia kama mtoto, alikiri kwamba alimpigia makofi kwa sababu alidhani anaigiza. Tusekile ndiye aliyemkuta, midomo ikiwa na rangi ya majivu, akambeba mgongoni mpaka zahanati kwa kuwa hakuna machela iliyokubali kuja kumchukua mtu asiyekuwapo.

Nyanjige alipona. Siku hiyohiyo chuo, kwa ghadhabu kubwa, kilisitisha mchezo, na kwa kuusitisha kikafanya kosa ambalo wasomi pekee ndio wangeweza kulifanya. Mchezo uliositishwa hauna mshindi. Pasipo mshindi, marehemu hawafufuki.

*

"Nifufue kwa mkono basi," Nyanjige aliwahi kumwambia ofisa wa mfumo wa Jicho, Bwana Mahenge. "Wewe si ndiye mwenye funguo?"

Bwana Mahenge alikuwa ameeleza kwa upole wa mtu asiyepata hasara. Zamani, kabla ya Jicho, vyuo vilijaa wanafunzi hewa: majina yasiyo na miili, yaliyopokea mikopo na vyakula kwa miaka. Ili kukomesha uovu huo, sheria ilipitishwa kwamba hakuna ofisa, kwa cheo chochote, atakayeruhusiwa kumgeuza asiyekuwapo kuwa aliyepo. Adhabu yake ilikuwa kifungo. Sheria ilikuwa nzuri, ilisifiwa na kila mtu, na haikuwahi kufikiria kwamba siku moja mwili ungekuja wenyewe kuomba jina lake.

Kwa hiyo marehemu wote walibaki nyuma ya pazia. Waliingia mabwenini kwa kufuata migongo ya wenzao, walikula mabaki, na mahudhurio yao yaliandikwa sifuri. Hayo yote yalivumilika. Kisichovumilika ni kwamba pumu haikujua kama mchezo umesitishwa. Tusekile aliacha kulala kitandani kwake. Alilala sakafuni chumbani kwa Nyanjige, akisikiliza pumzi.

Hadi mchezo unasitishwa jioni ile, wachezaji hai walikuwa wamebaki wawili. Mmoja alikuwa yeye. Wa pili alikuwa Festo Ngailo wa mwaka wa mwisho wa sheria, na Tusekile alimkuta alasiri ya siku ile ya uji amekaa peke yake kwenye majukwaa ya uwanja wa mpira, ukungu wa nyanda za juu ukiwa umeumeza goli la mbali.

"Najua kilichokuleta," Festo alisema kabla ya salamu. "Jibu ni hapana."

"Hata hujaulizwa."

"Unataka kunipiga. Nife, ubaki mmoja, watangaze mshindi, wote wafufuke. Si ndivyo? Hesabu yako nimeifanya kabla yako, dada."

"Basi nipige wewe. Kifua hiki hapa."

"Nikupige nifukuzwe chuo? Umesoma agizo? Atakayefyatua amekwenda na maji. Mama yangu ameshawaambia watu wa kanisani tarehe ya mahafali."

"Kwa hiyo nitapiga mimi. Nifukuzwe mimi. Wewe kazi yako ni kusimama tu. Hata hilo ni zito?"

Chini ya majukwaa punda alipita. Wanafunzi waliziita punda zile mashine za ulinzi za miguu minne, na jina lilikuwa la kuonewa, kwa kuwa punda wa kweli hapigi mtu shoti ya umeme. Wakati wa Windo punda waliamriwa kutozijali bastola za plastiki. Mchezo ulipositishwa, amri hiyo iliondolewa, na wakati huohuo likatoka agizo kwamba wanafunzi wote warudishe bastola zao ofisini. Waliotii ndio walioangushwa, mmoja baada ya mwingine, njiani kuelekea ofisini, na bastola zao za rangi ya chungwa mikononi. Wasiotii, akiwamo Tusekile, walizificha.

"Nisikilize," Festo alisema punda alipokwisha kupita, na safari hii sauti yake haikuwa ya mzaha. "Tufanye umenipiga. Tufanye hata punda hawakutuona. Mshindi hajitangazi. Anatangazwa na Baraza. Wakikataa kutangaza je?"

"Hawawezi kukataa."

"Wewe unajenga madaraja, mimi nasoma maamuzi ya watu kama hao. Wanaweza. Wakikataa, Nyanjige amebaki alipo, na mimi nimemfuata. Umeongeza maiti, hujafufua mtu. Na muhula huu mahudhurio yangu yakiandikwa sifuri, mahafali nitayatazama dirishani."

Festo alikuwa na haki. Hakuwa na deni lolote kwa Nyanjige. Si yeye aliyempiga, wala si yeye aliyelitunga pazia. Kumtoa sadaka mtu asiye na kosa ili kumwokoa mwingine asiye na kosa, tena kwa kutegemea hisani ya wenye kosa: Tusekile aliligeuza jambo hilo upande huu na upande ule, na kila upande ulikuwa na makali. Alichotambua tu ni kwamba hasira yake ilikuwa ikitafuta mtu wa karibu wa kuangukia, na Festo alikuwa karibu.

"Ungekuwa wewe ndiye unayelala ukihesabu pumzi zake," alisema, "usingenitajia mahafali."

"Ningekutajia," Festo alijibu. "Ningeona aibu, lakini ningekutajia."

*

Baraza la Chuo liliwaita wote wawili wakatoe maelezo. Ukumbi wa Baraza ulikuwa mahali pekee chuoni ambapo Jicho halikuingia. Lilikomea mlangoni, likisoma nani anaingia na nani anatoka. Wajumbe walikuwa wamejitenga nalo kwa azimio lao wenyewe, wakitaja faragha ya mashauri, na punda nao hawakuruhusiwa kwa sababu walikwaruza sakafu. Tusekile aliingia na hotipoti ya chakula chini ya kwapa. Hakuna aliyemuuliza, mwanafunzi mwenye chakula ni jambo la kawaida. Nyanjige aliachwa nje, kwa kuwa karani alisisitiza kwamba anayeingia ni yule tu ambaye mlango umemsoma jina.

Mwenyekiti, Profesa Kyando, alikuwa mtu mwenye miwani ya dhahabu na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa mpaka mwisho.

"Shikamoo, Profesa," walisema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Baraza linampa pole mwenzenu. Tumesikitishwa sana. Bwana Mahenge, hali ikoje?"

Bwana Mahenge alisimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, hali ni ya kuridhisha. Ukilinganisha na idadi ya wanafunzi wote, walioathirika ni sehemu ndogo mno. Kitakwimu, kasoro hii ni kama haipo."

"Mmoja wao yuko nje ya mlango huu," Tusekile alisema. "Angalieni msimkanyage mkitoka."

"Binti, subiri upewe nafasi," alisema Mwenyekiti.

"Samahani, Profesa. Naomba nafasi."

"Umepewa."

"Futeni mchezo. Kwa sahihi yako tu. Jicho litawaona."

Profesa Kyando alivua miwani, akaifuta. "Kuufuta kwa amri yangu ni kumgeuza asiyekuwapo kuwa aliyepo. Mwanasheria wetu amelieleza hilo vizuri. Mimi nina wajukuu. Siwezi kwenda jela kwa ajili ya midoli."

"Basi mtangazeni mshindi."

"Mshindi hutangazwa anapopatikana. Ninyi mko wawili. Baraza haliwezi kutangaza kitu ambacho hakijatokea."

"Na kama angebaki mmoja?"

"Kama angebaki mmoja," Profesa alisema, akiirudisha miwani puani taratibu, "jambo lingekuwa jepesi sana. Bahati mbaya hatuko katika hali hiyo. Kwa sasa nawashauri wenzenu wawe na subira, na huyo mwenye pumu aepuke ngazi."

Wajumbe wawili watatu walitikisa kichwa kwa kuafiki. Busara ya kuepuka ngazi iliwaingia vizuri. Tusekile aliweka mikono juu ya mfuniko wa hotipoti. Angeweza kuufungua, kuitoa bastola na kufyatua bila kumuuliza mtu. Festo alikuwa amekaa karibu mno kiasi kwamba hata kipofu asingemkosa. Alimgeukia. Alikuwa amejiapiza njiani kwamba hatampiga mtu aliyekataa, na kiapo hicho, katika ukumbi ule, kilionekana kuwa kitu pekee kilichokuwa bado na thamani.

Festo hakuwa akimtazama. Alikuwa akimtazama Bwana Mahenge, ambaye alikuwa amekwisha kufungua faili la ajenda inayofuata, kuhusu rangi ya mapazia ya ukumbi wa wageni.

"Aepuke ngazi," Festo alirudia polepole. "Mheshimiwa, bweni lake liko ghorofa ya nne."

"Ni ushauri tu, kijana."

Festo alisimama. Alifungua vifungo vya koti lake la suti, lile ambalo bila shaka lilikuwa limenunuliwa kwa ajili ya mahafali, akaliachia wazi.

"Piga," alisema.

"Festo."

"Piga kabla sijakumbuka kwamba nina mama."

Mfuniko ulianguka sakafuni ukibingirika. Ilipotokea ile bastola ya rangi ya chungwa, mjumbe mmoja, mkuu wa kitivo cha falsafa, alizama chini ya meza kwa wepesi usiolingana na umri wake. Mwanga ulitoka bila mlio wa maana. Bangili ya Festo iliwaka nyekundu, kisha ikafifia ikawa kijivu, rangi ya kitu kisichotumika.

Kutoka chini ya meza mtu aliuliza kama imekwisha.

"Tumebaki mmoja," Tusekile alisema. "Umesema mwenyewe, Profesa, mbele ya watu wote. Jambo ni jepesi. Tangaza."

Profesa Kyando aliwatazama wajumbe wake, wajumbe wakatazama karatasi zao. Kila mmoja alikuwa akingoja mwingine awe wa kwanza kuwa na maoni.

"Mtupishe," Mwenyekiti alisema. "Baraza litajadili."

*

Mlango ulimsoma Tusekile, ukafunguka. Festo alipotaka kumfuata kwa hatua ya kawaida ulimfungia usoni, na ikabidi Tusekile arudi, asimame kizingitini, ampitishe kama mtu anayepitisha meza.

"Inaudhi," Festo alisema, akijipapasa pua. "Sikudhani inaudhi hivi."

Nyanjige alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Aliitazama bangili ya Festo, akamtazama Tusekile, na uso wake haukuwa na shukrani.

"Mmefanya nini?"

"Tumewafanyia wanavyotaka," Tusekile alisema.

"Nilikuomba? Tuse, mimi nilikuomba mtu mwingine aingizwe humu kwa ajili yangu?"

"Nimeingia mwenyewe," Festo alisema. "Usinipokonye hata hilo. Sogea nikae, marehemu mwenzangu."

Nyanjige alisogea. Alitaka kucheka, lakini kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka mluzi mwembamba wa kifua. Tusekile alipiga magoti, akatoa mfukoni mwake kipulizio cha akiba alichokuwa akitembea nacho sasa kama wengine wanavyotembea na simu, akakishika mdomoni mwa rafiki yake. Juu yao Jicho liligeuka kwa sauti laini. Lilikuwa limesikia kikohozi. Lilitafuta mwenye nacho, likampata mtu mmoja tu katika ushoroba mzima.

"Tusekile Mwaipaja," lilisema kwa upole, "umekohoa. Unashauriwa kunywa maji ya uvuguvugu."

Tusekile aliinua uso, akaliambia Jicho neno ambalo mama yake hakumfundisha. Jicho lilimshukuru kwa maoni yake.

Pumzi ya Nyanjige ilirejea kidogo kidogo. Walikaa watatu, bega kwa bega. Festo alikuwa akigeuza bangili yake ya kijivu, akijaribu kuisugua kwa kidole gumba kana kwamba ni uchafu. Tusekile aliona hilo, akageuza macho upande mwingine, kisha akajilazimisha kutazama tena, kwa kuwa mkono uliompiga ulikuwa wake na hakuwa na ruhusa ya kutotazama.

Mlango ulifunguliwa. Wajumbe hawakutoka, walikuwa na mlango wao mwingine. Aliyetoka ni karani, akiwa na karatasi, akasimama mbele ya Tusekile peke yake, akasoma bila kuinua macho:

"Baraza la Chuo, baada ya kutafakari kwa kina, limeamua kwamba pigo lililotokea ukumbini, kwa kuwa lilifanyika wakati mchezo umesitishwa, halihesabiki katika kumpata mshindi, hata hivyo, kwa kuwa limekwisha kusajiliwa na mfumo, haliwezi kutenguliwa kwa mkono. Kwa kuwa pigo halihesabiki, Tusekile Mwaipaja hafukuzwi, ila anapewa onyo kali kwa kuingiza chombo cha chakula katika ukumbi wa mikutano. Baraza pia limeguswa na machungu yanayotokana na lugha isiyofaa, na linaagiza kwamba kuanzia leo neno 'marehemu' lisitumike tena kuhusu mwanafunzi yeyote wa chuo hiki. Wahusika watajwe kama washiriki waliopumzika. Malalamiko ya washiriki waliopumzika yatapokewa katika kikao kijacho cha kawaida, kwa sharti kwamba kila mlalamikaji afike yeye mwenyewe na kutambuliwa mlangoni."